Tiketi ya Mke wa Dereva

Kwa miaka mitatu mwanamke mmoja alikuwa akila nao chakula cha jioni kila siku, ingawa hakuwahi kukanyaga nyumba ile. Alikuja mdomoni mwa mume.

"Mwongozaji anasema ule ukuta ulijengwa na watu waliokuwa wakiogopa mafuriko, si vita," mume angesema, kijiko kikiwa hewani. Au: "Leo Mwongozaji kawavunja mbavu abiria, mpaka mmoja kamwaga chai." Zaidi ya hapo hakuwa mtu wa maneno. Nyumbani alitumia matatu: ndiyo, hapana, na chumvi. Lakini akianza na Mwongozaji, ulimi ulilegea kama umetiwa mafuta.

Mume alikuwa dereva wa basi dogo la kampuni ya utalii, na Mwongozaji ndiye aliyewaeleza abiria mambo ya njiani. Mara nne kwa wiki aliwapeleka watu ishirini na wawili kwenye mji wa kale wenye ukuta, kisha kijiji cha kinu cha maji, kisha kijiji cha wafinyanzi, na kuwarudisha kabla jua halijazama. Mke wake alikuwa fundi cherehani. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele, cherehani ikiwa dirishani na vitambaa vimepangwa kwenye rafu mpaka darini. Alishona sare za shule, magauni ya sherehe, na mashati yote ya mume wake. Watu wa mtaa walimwita Fundi.

Fundi hakuwahi kuuliza huyo Mwongozaji ana umbo gani. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba jambo linamuuma. Alikanyaga pedali tu, cherehani ikanguruma, na maneno ya mume yakasagika humo ndani ya mngurumo.

Siku moja wifi yake, dada wa mume, alikuja kupunguziwa sketi. Alikuwa amesimama juu ya kigoda, Fundi akimbana pini kiunoni, dereva alipoingia na kuanza hadithi zake za Mwongozaji. Alipotoka kwenda kuoga, wifi akainama.

"Wifi, yule ni damu yangu, nimebebwa tumbo moja naye. Lakini nakwambia kweli. Fumbua macho."

"Nifumbue nione nini?"

"Nitajuaje? Mimi nishike sketi hapa. Wewe nenda kakate tiketi."

Fundi alicheka. Usiku huo alicheka tena, peke yake, akijaribu kulifanya jambo lile kuwa mzaha. Kesho yake mchana alikwenda ofisi ya kampuni na kukata tiketi ya Alhamisi.

Alhamisi asubuhi mume aliondoka mapema kuandaa gari. Fundi alimwambia anakwenda sokoni kununua vitambaa. Kisha akavaa gauni lake la buluu lenye kola nyeupe, alilolishona kwa mikono yake na kulivaa mara moja tu, akajifunga kilemba, akaweka miwani ya jua ingawa jua lenyewe lilikuwa bado halijapata nguvu.

Kituoni, mume alikuwa amechuchumaa akikagua tairi la mbele. Aliona kwanza viatu, akavitambua, akainua kichwa polepole.

"We—"

"Habari ya asubuhi, dereva," Fundi akasema kwa sauti, ili abiria wengine wasikie.

Mume alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali. Akatazama huku na huku kama mtu aliyeitwa polisi bila kosa.

"Nzuri, mama," alisema. "Karibu."

*Mama*, kama anavyomwita mteja yeyote. Mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo, na bado neno lile lilimchoma. Akapanda, akaenda kukaa safu ya nyuma kabisa.

Alikuwa amejiandaa kumkuta msichana. Njia nzima ya kuja alikuwa amemchora kichwani: kope ndefu, midomo inayong'aa, sketi ya kubana. Aliyepanda na orodha mkononi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye viatu vya kamba vya kutembelea, pengo dogo kati ya meno ya mbele, na shati lililopauka mabegani kwa jua. Heri angekuwa mrembo. Uzuri Fundi aliujua. Kila siku watu walikuja kwake kuushonesha kwa mita. Huyu alichukua kipaza sauti, akasema sentensi moja tu kuhusu foleni ya choo cha kituo cha kwanza, na basi zima likaangua kicheko.

Fundi hakusikia mengi ya maelezo. Kazi yake ilikuwa kutazama. Aliona Mwongozaji akinyoosha mkono pembeni bila kugeuza kichwa, na mume akauwekea chupa ya maji, kifuniko kikiwa kimeshafunguliwa. Alisikia "Kapteni, pale kwenye—" na gari likapunguza mwendo kabla sentensi haijaisha. Nyumbani, Fundi angemwomba mkasi mara tatu, naye angemletea futi ya kupimia. Aliona macho ya mume kwenye kioo cha juu yakipanda na kushuka. Hakujua yanamtafuta nani kati yao wawili.

Mji wa kale ulikuwa na milango miwili iliyojengwa hatua chache mmoja kutoka mwingine. Waliegesha mbele yake, watu wakashuka. Mwongozaji akaeleza kwamba mji uliwahi kutawaliwa na ndugu wawili wasiosemezana, kila mmoja akajenga mlango wake na kuweka walinzi wake. Siku moja mbuzi akazalia katikati ya ile milango, kichwa huku, mkia kule.

"Mtoto wa mbuzi ni wa nani?" akauliza. "Kesi ikaenda kwa hakimu. Wakabishana siku tisa. Siku ya kumi wakamuuliza hakimu, hukumu iko wapi?" Akageukia basi.

Dereva alikuwa ameegemeza kiwiko dirishani, akitabasamu kabla ya wakati.

"Hakimu kala ushahidi!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Watu wakacheka, na Fundi naye akacheka kabla hajajizuia. Kisha akakumbuka: hadithi hiyo alishawahi kusimuliwa. Mume aliileta nyumbani mwaka uliopita, akiwa amesimama pale mlangoni pa chumba cha mbele na viatu mkononi. Yeye alikuwa na sare arobaini za kumaliza, akasema "mm" na kuendelea kukanyaga pedali. Mume hakuwahi kufika kwenye kipande cha hakimu. Sasa ameusikia mwisho wake pamoja na watu baki ishirini na mmoja, na aliyeshirikiana na mume wake kuumalizia ni mwingine. Roho ilimuuma vibaya, na zaidi kwa sababu hadithi yenyewe ilikuwa nzuri.

Wakatembea vichochoro vya mawe, wakaona kisima, wakaona nyumba ya mahakama yenye ngazi zilizolika katikati kwa nyayo za watu. Fundi aliona nyayo za Mwongozaji tu.

Saa sita wakafika kijiji cha kinu. Chakula kiliandaliwa kwenye meza ndefu chini ya paa, mto ukipita karibu na gurudumu la kinu likizunguka kivivu. Abiria walikaa pamoja. Dereva na Mwongozaji walikuwa na meza yao ndogo ya wafanyakazi, kando. Fundi alipangiwa kuketi na mwalimu mstaafu, mzee mchangamfu aliyekuwa ameandika kila kitu kwenye daftari tangu asubuhi.

Mwalimu akamega mkate, akaelekeza kidevu kwenye ile meza ndogo.

"Wale mke na mume wanapatana sana."

"Nani hao?"

"Dereva na mwongozaji wetu. Mtazame anavyomtolea miiba ya samaki. Mimi nina miaka arobaini kwenye ndoa, binti yangu. Naijua ndoa nikiiona."

Kipande cha mkate kikamkwama Fundi kooni. Mwalimu akampigapiga mgongoni, akimhimiza anywe maji. Kule kwenye meza ndogo, ni kweli, sahani ya samaki ilikuwa kati yao na mume wake alikuwa akichambua miiba. Fundi alinyanyuka, akaenda kunawa.

Sinki ilikuwa nyuma ya jiko, na bomba lake lilitoa maji kwa kukohoa. Alikuwa akijimwagia maji usoni aliposikia hatua za viatu vya kamba.

"Samahani, dada. Hilo gauni umelishona mwenyewe?"

Fundi hakugeuka. "Kwa nini?"

"Matundu ya vifungo. Yamezungushiwa uzi kwa mkono, na kila moja lina kifundo kidogo mwishoni. Mashati ya Kapteni yote yako hivyo. Sijaona kwa mtu mwingine."

"Una macho."

"Nimekaa karibu na hayo mashati miaka mitatu." Mwongozaji akasogea hatua moja. "Karibu sana, wifi."

Hapo Fundi akageuka, maji yakimtiririka kidevuni. "Usiniite wifi. Mimi na wewe hatuna kaka."

"Basi nikuiteje?"

"Usiniite."

Mwongozaji akafunga bomba. Bila kipaza sauti alikuwa na sauti ndogo, yenye uchovu. "Umekuja kunikagua. Ningekuwa wewe, ningekuja zamani."

"Kuna nini kati yenu?"

"Kwa upande wake hakuna kitu."

"Sijauliza upande wake. Nimeuliza kati yenu."

"Basi kuna nusu," Mwongozaji akasema. "Nusu yangu."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa uongo. Alikuwa na majibu ya uongo wa kila aina.

"Anajua?"

"Yule? Yule nyumba inaweza kuungua juu ya kichwa chake, akauliza chumvi iko wapi."

Kicheko kilimpanda Fundi mpaka mlangoni mwa meno, akakirudisha.

"Mimi sijamgusa na wala sijamwambia," Mwongozaji akaendelea. "Nazungumza siku nzima na watu wanaosinzia. Kwenye gari lile kuna mtu mmoja anayesikiliza, naye ameshasikia yote mara mia tatu na bado anasikiliza. Mtu akikusikiliza hivyo, utafanyaje? Halafu abiria wakishalala, zamu yake inafika. Unajua anazungumza nini?"

"Sitaki kujua."

"Wewe. Njia nzima ya kurudi ni wewe. Najua huogopi nyoka lakini mende anakupandisha juu ya kitanda. Najua hulali mpaka uguse ukuta. Najua ulivyojifungia bafuni kulia siku cherehani ya marehemu mama yako ilipokatika mkono. Nimesikia habari zako mpaka nimekuchoka kabla sijakuona. Na wewe unadhani ndiye uliyekuja hapa na wivu?"

Akafuta mikono kwenye suruali, kama anavyofanya dereva, akaondoka.

Fundi alibaki pale akiangalia tundu la sinki. Mwanamke mwingine angefurahi. Alikuwa amesikia kutoka kinywani mwa mpinzani mwenyewe kwamba mume ni msafi na kwamba anamsifu njia nzima. Lakini kile kilio cha bafuni alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani, gizani, na mtu huyo alikuwa amekimwaga barabarani mbele ya mwanamke mwenye viatu vya kamba. Mume angekuwa na hawara, Fundi angejua pa kuanzia matusi. Sasa alijiona ameibiwa mara mbili: maneno ya mume yamekwenda kwa mwingine, na yeye mwenyewe amekwenda kwa mwingine kwa maneno hayo hayo.

Watu walipopanda kwenda kijiji cha wafinyanzi, Mwongozaji alimsubiri mlangoni. "Kaa mbele," alisema. "Mimi nitaelezea kutoka nyuma." Akamwachia kiti kidogo cha kukunja kilicho pembeni ya dereva.

Mashamba yalipita, na vibanda, na ng'ombe waliotazama basi bila kuacha kutafuna.

"Umegombana naye?" mume akanong'ona.

"Endesha gari."

"Mke wangu, kwa nini hukuniambia unataka kuja?"

"Ningekuambia ungefanyaje?"

Akafikiri. "Ningekuwekea kiti cha dirishani. Upande wa mto."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na Fundi akatamani kumpiga kofi na kumkumbatia kwa mkono huo huo. Nyuma, sauti ya Mwongozaji ilitoka kwenye spika ikiwa imepauka. Akachanganya karne. Akasahau jina la kilima. Dereva akatupa jicho kwenye kioo mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Leo ana nini?" akasema, kwa wasiwasi wa kweli.

Lile swali ndilo lililoamua. Kwa wafinyanzi Fundi hakuona chungu hata kimoja. Jioni walipofika nyumbani, kabla mume hajavua viatu, akamwambia:

"Omba wakubadilishie njia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekuomba."

Mume alikuwa na maswali, yalionekana usoni, lakini akayameza. "Sawa," alisema.

Haikupita wiki mbili akahamishiwa kubeba wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro: asubuhi kwenda, jioni kurudi, barabara moja iliyonyooka. Wifi alipokuja kuchukua sketi yake alipiga vigelegele. "Umemaliza kazi!" alisema. Fundi naye alijiona kamaliza kazi. Chakula cha jioni sasa walikula wawili tu.

Wakala kimya.

Mwanzoni Fundi alidhani mume amenuna, akamvumilia. Lakini hakuwa amenuna. Alishukuru chakula, alitoa takataka, aliuliza kama umeme umelipwa. Ila hakuwa na la kusema. Fundi akaanza kusimamisha cherehani kila aliposikia mlango, akakaa mikono mapajani.

"Leo kulikuwaje?"

"Kama jana."

Jioni moja akaona atajishusha. "Hebu nisimulie ile ya mbuzi."

"Ile? Mbuzi alizaa kwenye milango miwili, wakaenda mahakamani." Akafikiri. "Unaujua mwisho wake."

Miezi mitatu ikaenda hivyo. Fundi aligundua jambo la aibu: kwamba alikuwa bado na wivu, na hapakuwa na mtu wa kumwonea. Alimwonea wivu mume wake wa zamani, yule aliyekuwa akija na viatu mkononi. Alimwonea wivu hata Mwongozaji, kwa ile miaka mitatu ambayo hakuna mtu angeweza kumnyang'anya.

Kisha Jumanne moja mume alikuja, akanawa, akakaa, akafungua mdomo. "Leo kuna mfanyakazi mmoja kalala, nikampitiliza kituo, akaamka…" Akaangalia sahani. "Ah. Si kitu."

"Akaamka akafanyaje?"

"Si kitu, mke wangu. Kashuka tu."

Fundi hakula tena. Kesho yake hakufungua chumba cha mbele. Saa moja kasoro alikuwa kituoni, kwenye basi dogo lile lile. Mwongozaji alikuwa akihesabu abiria. Dereva mpya, kijana wa kofia, alikuwa amekaa kwenye usukani na redio imefunguliwa mpaka mwisho.

Mwongozaji alimwona, akakunja orodha. "Umekuja kumkagua na huyu?"

"Huyu anasikiliza?"

"Anasikiliza mpira."

Fundi akaipa redio kisogo.

"Nataka mume wangu arudi njia hii," Fundi akasema. "Yeye hataomba. Nilimwambia atoke, hatarudi mpaka nimwambie, na mimi nikimwambia atadhani namtega. Wewe ongea na ofisi."

Mwongozaji aliikunjua orodha, akaikunja tena. "Unajua nilichokuambia pale kwenye sinki. Hakijaondoka."

"Najua. Na wivu wangu haujaondoka. Sijalala usiku kucha nikifikiri kuja hapa."

"Sasa kwa nini?"

Fundi alitafuta maneno. Alikuwa hodari wa kukata kitambaa, si hotuba. "Kwa sababu nyumbani kwangu amekaa mtu kama fanicha," alisema. "Nimemwondoa kwako na bado sikumpata mimi. Lakini sikiliza vizuri. Mimi sitakupenda."

"Sijaomba."

"Na habari zangu. Akianza kuzisimulia, mkatishe. Mwambie akanisimulie mimi mwenyewe."

Mwongozaji alitazama ncha za viatu vyake. "Hilo litaniuma," alisema polepole.

"Najua."

"Litaniuma sana. Nitafanya."

Hawakupeana mikono. Fundi aliondoka kabla basi halijawashwa, akienda haraka, machozi yakimtoka kwa hasira aliyoshindwa kujua ni ya nani. Alipofika kona karibu arudi kumwambia basi, acha, nimeghairi. Akaendelea kutembea.

Ofisi ilimrudisha mume wiki iliyofuata. Alirudi nyumbani siku ya kwanza saa kumi na mbili jioni, akasimama mlangoni pa chumba cha mbele, uso umechangamka na vumbi la barabara kwenye kope.

"Leo tumemsahau mama mmoja kwenye kijiji cha wafinyanzi," alisema. "Tumeenda kilometa nne. Mwongozaji anahesabu, anahesabu tena, anasema, Kapteni, tumepungua."

Lile *Kapteni* lilimpita Fundi kifuani kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo. Alimwona yule mwanamke wazi kabisa, akinyoosha mkono bila kugeuza kichwa. Hakujidanganya kwamba kesho itamuuma kidogo zaidi. Alitoa mguu kwenye pedali, akauinua mkono wa cherehani, akasogeza sare pembeni ili mume apate pa kukaa.

"Halafu?" akasema.

Mume akakaa. "Halafu tunageuza gari, tunamkuta kakaa kwenye gurudumu la kufinyangia, kajipaka udongo mpaka viwikoni, na wala hataki kuondoka."